Nusura

Wiki ya tatu sasa nimekaa na daftari Maweni,
kati ya duka la simu na mama wa viazi karai,
nahesabu vidole vya watu.
Chumba kina feni moja, skrini nne,
na ukutani mtu kaandika kwa rangi ya kijani:
ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI.

Kazi yenyewe si ngumu. Kindege chekundu hupaa,
dau lapanda nacho, mara moja unusu, mara mbili, tatu,
halafu kinatokomea, popote, bila kuaga.
Aliyejitoa mapema ana chake.
Aliyengoja ana hadithi.
Mimi naandika saa, dau, na muda aliokaa
kabla ya kubonyeza tena. Majina siandiki.
Kumi na Saba ni fundi wa makuti,
aliezeka jiko la shangazi yangu kule Barani,
lakini hapa ni Kumi na Saba tu,
naye kwa adabu haniiti Mwanakheri.

Swali la tisa: ukishindwa mara tano mfululizo,
ya sita waionaje?
Akanitazama kama mtu asiyewahi kuona shamba.
"Imeiva," akasema.

Nikaandika tatu. Tatu ndiyo alama
ya anayedhani sarafu ina kumbukumbu.
Haina. Darasani niliwaambia nusu ya wanafunzi
watunge mirusho mia ya uongo, kichwa, ngao, kichwa,
nusu warushe kweli;
nikayatambua ya uongo kabla sijafuta ubao.
Mtunzi huogopa kuandika vichwa sita pamoja.
Bahati haina haya hiyo.

Na hesabu ya mwenye duka ni fupi kuliko risiti:
kila mia ipitayo, tano zabaki kwake.
Tano! Nani atalilia tano?
Lakini mia ile ile ikizungushwa mara ishirini
hubaki, kwa wastani, thelathini na sita,
na adhuhuri bado haijaadhiniwa.
Haba na haba hujaza kibaba;
methali haikusema kibaba cha nani.

Ila si hasara iwafungayo vitini,
jedwali langu lilinisuta hapo.
Aliyekosa mbali huinuka, hununua viazi, huenda zake.
Aliyekosa padogo ndiye abonyezaye upesi,
sekunde mbili, wakati mwingine moja.
Nusura, wanasema. Nusura!
Na nyanya yangu wa Shela, akiomba usiku wa manane,
neno lilikuwa hilo hilo,
Mola tupe nusura,
mkono ushukao kuokoa.
Sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja
hadi niliposikia chumba kizima kikiomba.

Jumanne stima ikakatika,
kindege kikiwa mara nne na ushei.
Gizani watu kumi na mmoja wakashinda.
Kila mmoja aliapa kidole kilikuwa njiani.
Kumi na Saba, fundi wa makuti,
alikwisha nunua mabati, geji nzito,
alikwisha ezeka kwake, na mfereji wa mvua juu.
Sikuwa na safu ya kuandikia fedha hizo.

Kila mshiriki hulipwa mia tatu kwa muda wake, sahihi hapa.
Stima iliporudi, zake zilikuwa angani
kabla sijafunga kalamu.
Nikaandika na hilo.

Usiku ikaja barua ya wafadhili.
Walichukua maombi matatu. Langu lilikuwa la nne.
Mwaka jana pia lilikuwa la nne.
*Lilikaribia sana*, wameandika, *tunakuhimiza ujaribu tena.*
Nikakaa kitandani, chandarua begani,
nikajipima kwa saa ya ukutani kama ninavyowapima wao:
toka nukta ya mwisho ya barua
hadi kuifungua fomu mpya,
sekunde kumi na moja.

Afadhali yangu, nikajiambia,
nikaanza kujaza jina.